Kinachobaki Kwenye Mgongo Wazi

Mhadhara kwa wakazi wa Buruburu, Nairobi



Mlionialika mliniandikia swali moja tu: samaki tunaonunua Gikomba na Mutindwa ni salama au si salama? Naelewa kwa nini mnataka jibu fupi. Mtu aliyesimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka, jua limeshazama na watoto wanamngoja nyumbani, hana haja ya hotuba. Ila swali hilo limemchukua samaki kama kitu kimoja, na samaki si kitu kimoja. Yuko omena, yuko ngege, yuko mbuta, yuko kamongo, na yuko ngege wa China aliyekuja amegandishwa ndani ya kontena. Hata huyo mmoja uliyemshika mkononi ana mnofu, ana kichwa, ana tumbo, ana maini. Sumu ninayokuja kuizungumzia haijigawi sawa kwa sawa katika sehemu hizo. Ina mahali inapopenda kukaa. Nia yangu jioni hii ni kuwaonyesha mahali hapo, kisha tuulizane ni nani huuziwa sehemu hiyo.

Nianze na mtaa wenyewe. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, awamu baada ya awamu hadi ya tano, na ikakaa katikati ya mito miwili. Upande wa kaskazini ni Mto Nairobi, ambao ukitoka Gikomba huambaa na Eastleigh na Kariobangi hadi ukingoni mwa jaa la Dandora. Upande wa kusini ni Mto Ngong, ambao ukitoka Bwawa la Nairobi hupenya Mukuru na Eneo la Viwandani kabla ya kutokea Donholm. Mito hiyo hukutana mashariki mwetu, ikaingia Mto Athi, na maji yake, baada ya kubadili jina kuwa Galana na kisha Sabaki, humwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Abiria wa matatu anayevuka mmojawapo wa mito hii huziba pua, na akishaziba pua husema moyoni kwamba samaki wa maji kama haya hawezi kumla, afadhali wa ziwani.

Pua ni mpimaji mbaya. Kinachonuka mtoni ni kinyesi, mabaki ya vichinjio na maji ya jikoni. Vinanuka kwa sababu vinaoza, na kinachooza kinakwisha: bakteria hukila, hukivunjavunja, kikapotea. Sisemi havidhuru. Kipindupindu hakijatuacha tusahau. Lakini madhara yake ni ya wiki hii na ijayo. Kemikali ninazozisema mimi hazinuki, hazionekani, na haziozi, au zinaoza polepole mno kiasi kwamba aliyezimwaga anaweza kuzeeka na kuzikwa kabla hazijaisha. Maji maangavu ambayo ungeyateka kwa kiganja ukanywa yanaweza kuwa nazo, na mtambo wa kawaida wa kupima maji usizione.

Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana huko Stockholm, Uswidi, kuzipiga marufuku au kuzidhibiti 12 kati ya kemikali hizo. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2004, na mwaka huohuo Kenya ikauridhia. Kwenye orodha ile ya kwanza zilikuwemo dawa za wadudu kama DDT, dieldrini na aldrini. Zilikuwemo PCB, yaani mafuta ya viwandani yaliyotiwa kwenye transfoma kwa kuwa hayashiki moto ovyo. Zilikuwemo pia dioksini na furani, ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza kwa makusudi. Huzaliwa zenyewe mtu anapochoma plastiki na takataka kwenye moto usio mkali wa kutosha. Orodha imeendelea kurefuka. Endosalfani, dawa iliyopuliziwa sana pamba na kahawa, iliongezwa mwaka 2011.

Kinachoziunganisha ni tabia moja: zinachukia maji na zinapenda mafuta. Chukua DDT. Ukiiweka mahali penye maji na mafuta pamoja, itahamia kwenye mafuta kwa zaidi ya mara milioni moja kuliko itakavyobaki majini. Sasa mfikirie samaki. Kutwa kucha anapitisha maji kwenye matamvua yake ili apate hewa, na matamvua ni ngozi nyembamba mno yenye damu nyuma yake, na damu hiyo inaelekea kwenye mwili wenye shahamu. Kemikali ile iliyokuwa imetawanyika ziwani, chembe hapa chembe kule, imepata ilichokuwa ikikitafuta. Inaingia. Kutoka ndiyo shida, kwa sababu mwili wa kiumbe hujisafisha kwa maji: figo hutoa kinachoyeyuka katika maji, na ini hujaribu kuvunja kisichoyeyuka ili kiyeyuke. Molekuli hizi zimefungwa kwa atomi za klorini mahali ambapo vimeng'enya vya ini vingeshikilia, basi ini linashindwa. DDT ikivunjwa kidogo hugeuka DDE, ambayo ni kaidi kuliko mama yake.

Wengi wenu mna vyama vya kuweka akiba. Mfikirieni samaki kama chama ambacho kila siku kuna anayeweka na hakuna anayeruhusiwa kutoa. Mchango wa siku ni mdogo hata hauonekani kwenye daftari. Ukimpima samaki wa miezi sita utasema hana kitu. Mpime wa miaka minane.

Hiyo ni njia ya matamvua. Ya pili ni ya mdomo, na ndiyo kubwa kwa samaki wala samaki. Mwani hukusanya kidogo. Vijidudu vya majini hula mwani mwingi, omena hula vijidudu vingi, mbuta hula omena, fulu, hata watoto wa mbuta wenzake. Kila anayekula huchoma sehemu kubwa ya alichokula ili aogelee na apumue, kinachobaki kikawa mwili. Nyama ya omena inachomwa, inakwisha. Sumu ya omena haichomwi. Kwa hiyo katika kila ngazi chakula kinapungua na sumu inabaki ileile, ikisongamana katika miili michache zaidi.

Mfano uliowafungua watu macho ulitoka California, kwenye ziwa liitwalo Clear Lake. Wageni wa pale walikerwa na wadudu wanaofanana na mbu ingawa hawaumi, na ili kuwaondolea kero, ziwa likatiwa DDD, ndugu ya DDT, mwaka 1949, tena 1954, tena 1957. Kipimo kilikuwa cha kitaalamu na kidogo sana: sehemu 0.02 kwa kila milioni ya maji. Kwenye vijidudu vya majini zilikutwa sehemu 5. Kwenye samaki zikawa mamia, na kwa baadhi yao zaidi ya 2,000. Ndege waliokula samaki hao wakaanza kufa, na shahamu yao ilipopimwa ilikuwa na sehemu 1,600 kwa milioni, yaani mara 80,000 ya maji. Rachel Carson alikieleza kisa hicho katika kitabu chake Silent Spring mwaka 1962. Mwanakemia aliyegundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, Paul Müller, alikuwa amekwisha kutuzwa Nobeli mwaka 1948, na haki yake ilikuwa hiyo, maana dawa ile iliokoa maisha mengi kutoka kwa malaria na homa ya chawa. Nasema haya ili tusidhani waliozimwaga sumu hizi wote walikuwa waovu.

Turudi kwetu, kwenye Ziwa Victoria, inakotoka sehemu kubwa ya samaki wa Gikomba. Hapa nina habari itakayowashangaza, na nataka niieleze kwa kirefu kwa sababu magazeti hayana subira nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Kanada na wa Afrika Mashariki walipima zebaki katika samaki wa ziwa hili. Zebaki si mafuta wala klorini, ila ikigeuzwa na bakteria wa kwenye tope kuwa methili-zebaki, hupanda ngazi za chakula vilevile, na hukaa katika protini ya mnofu. Sababu za kuwa na hofu zilikuwepo: wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Migori hadi Geita hutumia zebaki kunasa dhahabu, na misitu inayochomwa huirusha angani. Kwa hayo yote, samaki walionekana kuwa na zebaki kidogo. Wote walikuwa chini ya kiwango cha kimataifa cha miligramu 0.5 kwa kilo. Waliovuka kiwango cha tahadhari cha miligramu 0.2, kilichowekwa kwa ajili ya wajawazito na wala samaki wa kila siku, walikuwa baadhi ya mbuta wakubwa.

Kwa nini? Jibu moja liko kwenye ubaya wa ziwa lenyewe. Mbolea na maji taka yameligeuza kuwa kijani kibichi, limejaa mwani. Kiasi kilekile cha zebaki kikigawanywa kwa mwani mwingi, kila chembe ya mwani hupata kidogo. Jibu la pili ni joto. Samaki wa kwetu hukua haraka, na mwili unaokua haraka huipunguza makali sumu iliyomo, hali samaki wa ziwa la baridi la Kanada huchukua miaka mingi kufikia uzito uleule. DDT nayo joto huigusa: kwenye udongo wa tropiki hutoweka kwa kasi kuliko kwenye udongo wa Ulaya, sehemu yake ikipanda hewani. Haijaangamia. Upepo huipeleka kaskazini hadi inapopoa na kuanguka tena, ndiyo maana Wainuiti wa kaskazini ya Kanada, wasiolima pamba wala kupuliza mbu, walikutwa na PCB katika maziwa ya akina mama mara kadhaa kuliko wanawake wa mijini kusini mwao. Walikuwa wanakula shahamu ya nyangumi na sili.

Kwa hiyo mtu akikwambia samaki wa Ziwa Victoria wote wamejaa sumu, anatia chumvi. Watafiti wa Uganda waliopima dioksini katika ngege na mbuta wa upande wao katika mwongo uliopita waliwakuta chini ya kikomo cha Ulaya, ambacho ni pikogramu 3.5 kwa gramu. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni milioni. Lakini tusilale usingizi kwa habari hiyo, kwa kuwa kikomo chenyewe kinasogea: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiasi cha dioksini ambacho mtu anaweza kukivumilia kwa wiki, kutoka pikogramu 14 kwa kila kilo ya uzito wake hadi 2. Samaki hakubadilika. Ujuzi wetu ndio uliobadilika.

Na kuna upimaji wa zamani zaidi ambao haukumpima samaki kabisa. Kati ya 1983 na 1985 watafiti walikusanya maziwa ya akina mama kutoka sehemu nane za Kenya wakatafuta DDT. Ilikuwa kote. Lakini akina mama wa kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, walikuwa na zaidi ya mara kumi ya wale wa Loitokitok. Samaki hakuwa mshukiwa pekee: DDT ilitumika mashambani hadi ilipopigwa marufuku kwa kilimo mwaka 1986, na nyumba zilipuliziwa kuua mbu. Ila linganisha kisiwa cha wavuvi na nchi ya wafugaji chini ya Kilimanjaro, kisha ujiulize mwenyewe. (Madaktari wanasisitiza, nami narudia kwa sauti, kwamba maziwa ya mama hayana mbadala na mtoto aendelee kunyonya. Anayepaswa kuona aibu ni aliyemwaga dawa.)

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niukubali mwaliko wenu.

Mbuta hakuwa wa ziwa lile. Aliingizwa katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu wa aina nyingi. Viwanda vya minofu vikaota kuzunguka ziwa, Kisumu, Mwanza, Jinja, na mnofu mweupe usio na mwiba ukaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ikafunga mlango: kulikuwa na ripoti kwamba wavuvi fulani wanamwaga dawa za wadudu majini ili samaki wafe waelee juu. Wakenya walingoja hadi mwishoni mwa mwaka 2000 mlango ukafunguliwa tena. Wavuvi walikula hasara, wafanyakazi wa viwandani wakarudi vijijini, na serikali zetu zikajifunza somo kwa haraka ya ajabu. Maabara zikaboreshwa, wakaguzi wakateuliwa, fomu zikachapishwa. Utaratibu mzima wa kupima mabaki ya sumu katika samaki wetu ulijengwa kwa ajili ya mlaji wa Ulaya, na ukajengwa vizuri.

Lakini tazama ni kipande gani kinachopimwa. Mnofu wa mbuta ndio sehemu kavu, yenye mafuta kidogo kuliko zote. Ukishakatwa ukaingizwa kwenye barafu, nyuma yake kinabaki kichwa, uti wa mgongo uliong'ang'aniwa na nyama, na kuta za tumbo zilizojaa shahamu ya manjano. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, hutengwa, yakauzwa Uchina kwa bei inayoshinda ya samaki mzima. Kinachosalia tunakijua kwa jina: mgongo wazi. Wanawake wa Obunga, Kisumu, hukichukua kwa magunia, hukianika, hukikaanga katika mafuta yaleyale yaliyotoka kwenye matumbo ya mbuta, na kikasafiri. Kinaliwa vijijini na kinaliwa Nairobi. Nimekila mara nyingi na ni kitamu, maana utamu wa samaki uko kwenye mafuta.

Nilieleza punde hivi kwamba DDT, PCB na dioksini hukaa kwenye shahamu. Basi jumlisheni wenyewe. Kipande chenye sumu kidogo ndicho kinachopimwa, kikapigwa muhuri, kikaenda. Kipande ambacho kama kuna chochote kitakuwemo humo, kinauzwa kwa mizani ya macho kando ya barabara, na hakuna mkaguzi anayekifuata. Sidai kwamba mgongo wazi wa Kisumu una sumu ya kuua. Nadai kwamba tumepanga upimaji wetu kinyume na kemia, na tumeupanga hivyo kwa sababu mlaji mmoja ana sauti na mwingine ana njaa.

Hata omena hatuishii kumla moja kwa moja. Sehemu kubwa yake husagwa kuwa chakula cha kuku, na kuku hutaga mayai, na kiini cha yai ni mafuta. Ngazi inaendelea hadi jikoni Buruburu Awamu ya Tatu bila mtu kumwona samaki.

Kuna kanuni moja nzuri ambayo inatusaidia bila kukusudia. Nchi za ziwa zilikubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo bado hajazaa, juu ya hapo ni mzazi mkubwa anayetaga mayai mengi. Lengo lilikuwa kuwaokoa samaki wasiishe. Lakini yule wa zaidi ya sentimita 85 ndiye mzee aliyekula wenzake miaka mingi, ndiye aliyekaribia au kuvuka ile alama ya zebaki. Anayemwacha ziwani anafanya hisani mara mbili.

Nimesema sana juu ya ziwa lililo mbali. Chimbuko la sumu hizi, hata hivyo, mnaweza kulifikia kwa miguu. Jaa la Dandora lilianza mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kwenda. Linafuka moshi mchana na usiku, na moshi wa plastiki kwenye moto mdogo ni mama wa dioksini. Mwaka 2005 mayai ya kuku wanaozurura karibu na jaa yalipimwa na mashirika ya mazingira, na dioksini ilizidi kikomo cha Ulaya mara kadhaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapahapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo ya jirani: nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Risasi, niseme wazi, haipandi ngazi za chakula kama DDT. Huingia kwa vumbi na vidole vya mtoto. Ila huo ni mto mmoja na jaa moja, na mvua ikinyesha vyote huteremka pamoja. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Profesa Shem Wandiga aliyetumia miaka mingi kwenye somo hili, wamechapisha matokeo ya PCB na ya dawa za wadudu za jamii ya DDT kwenye tope na maji ya Mto Nairobi. Tope ndilo ghala. Maji ya leo yatapita, tope la mwaka juzi lipo, na mumi, yaani kambare, hulala na kula humohumo. Pale Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako mzigo wote wa Nairobi hutokea ukiwa na povu, watu huvua, na samaki wao hupata wanunuzi.

PCB nazo zina kisa cha mtaani. Mwaka 2014 iliripotiwa kimataifa kwamba mafuta ya transfoma za Kenya yanaibwa na kuuzwa kwa wakaangaji wa chipsi, kwa kuwa hukawia kuisha kwenye karai. Transfoma ya zamani inaweza kuwa na PCB ndani yake. Huko Japani mwaka 1968 PCB ilivuja ndani ya mafuta ya kupikia ya pumba za mpunga, na kwa kuwa ilikuwa imepashwa moto, baadhi yake ilikuwa imegeuka furani. Maelfu waliugua, wakapata vipele vyeusi, watoto wakazaliwa na ngozi iliyokoza. Wajapani wanauita ugonjwa huo Yusho hadi leo. Kijana anayefungua transfoma usiku hajui kwamba yanayomwagika chini yataingia mtaroni, na mtaroni yataingia mtoni. Mkataba wa Stockholm uliweka mwaka 2025 uwe mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 mwisho wa kuviteketeza inavyostahili.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijapanda jukwaani afanyeje jikoni. Namjibu, naye atawajibia wengine. Ukimpata mbuta mkubwa, toa shahamu ya tumbo na ile mistari myeusi ya pembeni, usiitumie kupikia. Maini ya samaki mkubwa usimpe mtoto wala mjamzito. Kuchoma juu ya makaa, mafuta yakidondoka, kunapunguza sumu kuliko kukaanga. Omena na ngege wadogo, walioishi muda mfupi na kula chini kwenye ngazi, ni chaguo bora kuliko mbuta mkongwe, na mfuko wako utashukuru. Usiache samaki. Protini yake na mafuta yake mema vinajenga ubongo wa mtoto, na hasara ya kumnyima ni ya hakika.

Hila hizo za kisu hazifai kitu kwa zebaki, kwa sababu iko ndani ya mnofu wenyewe. Wala hazifai kwa kundi jipya linaloitwa PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta yasishike, zilizomo kwenye vikaango visivyonata, nguo za mvua na povu la kuzimia moto wa ndege. Hizi hushikamana na protini za damu na ini badala ya shahamu, kwa hiyo zimevunja kanuni niliyowafundisha tangu mwanzo. Watafiti wa Kenya walichapisha mwaka 2008 kwamba wamezikuta katika mbuta na ngege wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Na kwa kuwa nimeitaja zebaki tena, nisiache hili. Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyewatibu wahanga wa sumu ya zebaki huko Minamata, Japani, alikuja pwani ya Ziwa Victoria kupima nywele za watu akitafuta zebaki ya samaki na ya dhahabu. Waliokuwa na kiwango cha kutisha kuliko wote walikuwa wanawake waliotumia sabuni ya kujichubua. Sabuni, si samaki. Wenye maduka ya vipodozi watanisamehe.

La mwisho ni bwawa. Tangu mwaka 2018 linajengwa Bwawa la Thwake huko Makueni, mahali Mto Thwake unapokutana na Mto Athi, liweze kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Mto Athi ni mto wetu. Kila kilichopita chini ya madaraja ya Donholm na Dandora kitatulia pale, na maji yanayotulia huangusha tope lake. Tena ardhi inapofunikwa na maji kwa mara ya kwanza, mimea iliyozama huoza, hewa hupungua chini, na bakteria wanaotengeneza methili-zebaki hustawi. Katika mabwawa makubwa ya Quebec, Kanada, zebaki katika samaki ilipanda mara kadhaa baada ya mafuriko na ikachukua miongo kushuka. Bwawa likijaa, samaki watakuwepo hata asipowapanda mtu, na watu wa Makueni watawavua.

Tope la Athi na samaki wake wakipimwa sasa, kabla maji hayajapanda, kutakuwa na cha kulinganisha nacho baadaye. Wakipimwa baada ya bwawa kujaa, kila idara itasema ndivyo mto ulivyokuwa siku zote. Mkemia wa kulifanya hilo yuko mjini humu. Nimeandika barua kwa mamlaka ya mazingira na kwa mamlaka ya rasilimali za maji kuomba upimaji huo, na ndani yake nimeomba pia vichwa na matumbo ya mbuta yanayouzwa Gikomba yapimwe kwa utaratibu uleule wa minofu ya kwenda nje. Iko kwenye meza iliyo karibu na mlango, ina nafasi ya sahihi na namba ya nyumba, na mwenyekiti ameniahidi haitafungwa leo, mtaiona hata Jumamosi ijayo.